Waridi la Ukutani Marlcote

Thelma Averill hakuwahi kuiba hata kijiko. Miaka yote aliyopika chakula cha watoto wa shule, wenzake walitoka jioni na siagi na vipande vya keki, yeye akatoka na mkoba mtupu, uso mkavu. Sasa alikuwa na miaka sabini na ushei, mjane wa tangu Januari. Alisimama kwenye foleni ya tiketi ya jumba la Marlcote, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na mkasi wa kupogolea uliofungwa kwa taulo la jikoni. Moyo ulimdunda hata akahofia kwamba binti wa tiketi atausikia.

Alikuja kuiba pingili za waridi. Tatu tu, za urefu wa penseli, azipande kwenye chungu dirishani. Lakini wizi ni wizi, na alijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye foleni ile.

Mumewe, Clem, alikuwa mtunza bustani wa Marlcote tangu ujana hadi magoti yalipomkatalia. Waridi lenyewe halikupandwa na mtu. Liliota katika ufa wa ukuta wa bustani ya mboga, labda ndege aliangusha mbegu. Clem alilikuta likiwa dogo kama kidole, akapaswa kuling'oa, asiling'oe. Akaliwekea waya likapanda, na kila Julai likajaza ukuta mzima maua ya rangi ya chai ya maziwa. Halikuwa na jina. Clem aliliita "yule wa ukutani". Akichelewa chakula cha jioni atasema yule wa ukutani alilegea, ilibidi amfunge. Kuna wakati Thelma alimwonea wivu kabisa yule wa ukutani.

Mtu atauliza, basi mbona nyumbani kwao hakukuwa na hata tawi moja? Kwa sababu ya Clem mwenyewe. Mtu yule alikuwa na uaminifu wa kuchosha. Kila jioni, kabla ya kutoka langoni, alikunjua pindo za suruali yake na kuzikung'uta, isije ikatoka mbegu ya Marlcote ikaingia kwake. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba tawi moja halimfilisi tajiri. Clem alicheka tu, akaendelea kukung'uta.

Mwezi wa Machi kukawa na mkutano katika ukumbi wa kijiji. Mwenyekiti wa kamati ya jumba, Bi. Venables, alieleza kwa sauti yake laini kwamba bustani itarudishwa kama ilivyochorwa mwaka ule jumba lilipojengwa, mwaka elfu moja mia tisa na nane. Ukuta wa bustani ya mboga utafanyiwa ukarabati, na chochote kilichoota baada ya mchoro ule kitaondolewa. Akauliza kama kuna mwenye neno. Ukumbi ulinyamaza kimya. Thelma alikaa safu ya tatu, mikono mapajani, neno analo lakini hakulitoa, na watu wote wakaangalia viatu vyao. Katika vilima vile vya Gloucestershire, huko Uingereza, mtu hanyooshi mkono mbele ya watu wenye sauti laini. Mkutano ulipokwisha alipanga foleni ya chai, na zamu yake ilipofika akamwambia Bi. Venables kwamba mazungumzo yalikuwa mazuri sana.

Mazuri sana! Tangu siku ile alijilaumu kila alipoosha vyombo. Na sasa ilikuwa Jumamosi ya Julai, na mafundi wa ukuta wangeingia Jumatatu.

Hakuja peke yake. Mwanamke anayezunguka peke yake na mkoba mkubwa hutazamwa, kwa hiyo alimchukua Noreen, dada yake Clem, ambaye kutembelea majumba ya zamani ndiyo ibada yake. Hakumwambia kitu. Noreen ana mdomo mwepesi, na pia Clem alikuwa kaka yake.

"Wifi, mkoba huo umebeba matofali?" Noreen aliuliza walipokata tiketi.

"Mwavuli," Thelma akasema.

"Mwavuli na jua hili. Haya, wewe ndiye unayeubeba."

Thelma alitaka waanzie bustani. Noreen hakutaka hata kusikia. Tiketi si za bure, na jumba ni jumba. Wakaingia. Waliojenga Marlcote walikuwa watu waliochukia mashine, wakafanya kila kitu kwa mikono: meza za mwaloni ambazo bado zina alama za tezo, komeo za chuma kilichofuliwa, mapazia yaliyopigwa chapa kwa vibao. Noreen alisoma kila kibao cha maelezo kwa sauti, kana kwamba Thelma ni kipofu. Thelma aliitikia kwa kichwa na kutazama madirisha. Kila dirisha lilikuwa na bustani nyuma yake, na katika kila bustani aliona mtu amesimama akilinda.

Chumba cha juu kililindwa na Bwana Tidmarsh, mzee anayepitisha sahani ya sadaka kanisani. Anamjua Thelma kwa miaka na miaka. Alipomwona alitabasamu, akampa pole ya Clem kwa mara nyingine, akasema ni vizuri kwamba ameanza kutoka nje. Maneno yale ya wema yalimmaliza nguvu. Bila kutazama akajitupa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Sasa, katika majumba kama yale hakuna anayeandika "usikae hapa". Huo utakuwa ukali. Huweka juu ya kiti kichwa kikavu cha ua la miiba, na kila mtu huelewa. Thelma aliielewa desturi ile tangu utoto. Aliielewa tena sasa hivi, kwa njia ya sketi.

Hakupiga kelele. Bwana Tidmarsh naye aliona kila kitu, macho yakamtoka, kisha akageukia dirisha na kuanza kusema habari za hali ya hewa. Kukalia kiti cha kihistoria ni kosa, lakini kumwambia mama wa watu kwamba amekalia miiba ni kosa kubwa zaidi. Kwa hiyo mmoja alisifu jua, mwingine akakubali kwamba jua ni zuri, machozi yakimlenga. Noreen alipomaliza kusoma kibao cha maelezo ya dari, Thelma aliinuka polepole na kusema twende.

Ngazini Noreen akamshika mkono. "Wifi, una kitu nyuma."

"Kitoe."

Noreen alikitoa, akakigeuza kiganjani, akamtazama usoni kwa muda. Alikiweka mfukoni, akasema Thelma anahitaji chai, na hilo halina mjadala. Thelma aliona mwanya. Akamwomba atangulie chumba cha chai akashike meza, kwani Jumamosi hujaa, naye apunge hewa kidogo bustanini.

Alipita kwenye ua wa miti uliokatwa ukanyooka kama kuta, akapita bwawa, akapita benchi ambapo Clem alikuwa anakula mkate wake. Hakusimama. Akisimama tu miguu ingemrudisha. Mlango wa bustani ya mboga ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Na pale ukutani, juu ya mabomba na mbao za jukwaa la mafundi zilizokwisha kupangwa, waridi lilikuwa limefunguka lote, kuanzia chini hadi kwenye vigae, na nyuki wake.

Thelma alisahau kuogopa kwa kitambo. Halafu hofu ikamrudia yote kwa pamoja. Akatoa mkasi. Akachagua tawi, akalishika, akafungua meno ya mkasi, akaangalia nyuma. Hakuna mtu. Akaangalia tena. Akauambia mkono ukate. Mkono ukakataa.

Alimwona Clem langoni ameinama, anakung'uta suruali. Angemwelezaje? Kwamba kile alichokataa kukitoa akiwa hai, mkewe amekitoa yeye akiwa amekufa? Alisimama hivyo, tawi mkono huu na mkasi mkono ule, hawezi kukata wala kuachia, na machozi aliyoyazuia chumbani kwa sababu ya miiba yakaporomoka kwa sababu nyingine.

"Hilo lina ua, Bi. Averill. Halitashika."

Alikuwa Tamsin, mkuu wa bustani wa sasa, msichana wa Leeds, mji wa kaskazini, aliyechukua kazi Clem alipostaafu. Alisimama mlangoni na toroli. Thelma aliona mawazoni uso wa Bwana Tidmarsh, aliona kanisa zima, aliona duka la mkate likinyamaza anapoingia.

"Sijakata," akasema.

"Naona hujakata."

"Nilitaka kukata."

Tamsin akaweka toroli chini, akamkaribia, akamnyang'anya mkasi polepole kama anavyonyang'anywa mtoto. Kisha akachagua matawi yasiyo na maua, akakata moja, jingine, jingine, akafika sita, akayakunja kwenye taulo lile la jikoni na kumpa. Thelma aliyapokea bila kuelewa.

Tamsin alimwambia kwamba waridi kama hili, lililojiotea, ni jeuri kwa pingili. Katika sita akipata moja likashika, ashukuru. Tamsin mwenyewe alishajaribu mara mbili, yakaoza. Alikwisha kuiomba kamati iliache pale pale, ukuta utengenezwe kwa kulizunguka, na mafundi walisema inawezekana. Kamati ikamuuliza waridi ni la nani, nani analitaka. Hakuwa na mtu wa kumtaja.

"Ule mkutano nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu mtu mmoja afungue mdomo," akasema. "Mmoja tu. Na wewe ulikuwepo, nilikuona. Kwa nini hukusema?"

"Sikutaka kusumbua watu."

Tamsin alicheka, lakini si kwa furaha. "Nyinyi watu wa huku mtazikwa hai kwa kuogopa kumsumbua mchimba kaburi."

Thelma hakucheka. Alitazama mbao za mafundi, akatazama taulo mkononi mwake. Katika sita, moja, na hilo nalo labda. Akauliza Bi. Venables yuko wapi leo. Tamsin akasema yuko chumba cha chai na wafadhili, kama kila Jumamosi, meza ya karibu na jiko.

Njia ile ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda. Aliyekwenda kuiba angeweza kukimbia. Anayekwenda kuomba hana pa kukimbilia. Mara mbili alijiambia kwamba barua itatosha, ataiandika vizuri nyumbani, na mara mbili akajijibu kwamba Jumatatu haitangoja posta.

Chumba cha chai kilijaa. Noreen alimpungia mkono kutoka pembeni, akasema skonzi zinapoa, na jamu ameilinda kwa nguvu zote. Thelma alimpita. Noreen alibaki na mkono hewani.

Bi. Venables alikuwa anaongea na wageni wawili. Thelma alisimama kando ya meza, taulo kifuani. Alingoja maneno yakatike, hayakukatika, akayakatiza. Watu wa meza za jirani walipunguza sauti, kama wanavyofanya huko wakitaka kusikia.

"Waridi la ukuta wa mboga," akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba, akaisukuma. "Lililelewa na mume wangu. Clem Averill. Lilijiotea, naye hakuling'oa. Halipo kwingine popote. Naomba msiling'oe."

Bi. Venables aliweka kikombe chini. Akatabasamu kwa upole wa kweli, kwa sababu si mwanamke mbaya, tusimsingizie. Akasema angependa sana kama lingesemwa hili mwezi wa Machi. Akasema mipango imekwisha kupitishwa, lakini anashukuru mno kwa kuambiwa.

"Tutalizingatia, Bi. Averill."

Thelma alilijua neno lile. Aliambiwa hivyo shuleni alipoomba jiko jipya, na hospitalini alipoomba Clem alazwe karibu na dirisha. Katika nchi ile ndivyo mlango unavyofungwa bila kelele, na aliyefungiwa husema asante. Aliusikia mdomo wake mwenyewe ukianza kuisema. Akaufunga.

"Lini?"

"Samahani?"

"Mtalizingatia lini? Mafundi wanaingia Jumatatu."

Wageni wawili walitazama sahani zao. Nyuma yake alisikia kiti kikisogezwa, na Noreen akaja akasimama ubavuni mwake, hajui habari yenyewe, lakini amesimama. Bi. Venables aliangalia saa yake, akaangalia mlango, akaangalia zile nyuso zilizoacha kula. Akasema wajumbe wengine wa kamati hawapo kwa sasa, huenda wakapatikana kwa simu, hana hakika, itachukua muda, na asingependa Bi. Averill apotezewe Jumamosi yake nzima.

Thelma alilibana taulo kifuani.

"Niwie radhi kwa kukusumbua," akasema, na hakuondoka.