Matairi ya Bi Nanga Yaliyozeeka Huku Yaking'aa

Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi tairi anainua nyundo ndogo na kuigonga ringi ya trela mara moja tu, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Nyundo inazama. Hailii kama inavyolia kwenye chuma. Inaingia ndani na kubaki humo, mpini nje.

Bi Nanga, mwenye trela, anakodoa macho. Binti yake, aliyekuwa akinywa chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki, anakishusha chini bila kuangalia anakiweka wapi.

“Dada yangu,” anasema fundi, “hii siyo ringi tena. Hii ni rangi iliyosimama yenyewe. Chuma kimeshaliwa na chumvi.”

Bi Nanga, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, alipewa jina hilo kazini, na siku hizi hata ndugu zake wanamwita hivyo. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akivuta mashua kwa gari dogo la mizigo, kutoka majini hadi kwenye karakana ya mafundi, na zikishapona anazirudisha. Trela yake ina magurudumu mawili tu, na mzigo wote unakaa juu ya hayo mawili.

Kazi aliianza na mumewe. Mume alipofariki, wengi walidhani atauza kila kitu.

“Waliniletea wanunuzi wa trela kabla ya kuniletea pole,” anasema na kucheka. “Nikawaambia trela haiuzwi, ila wakitaka kuvuta mashua waje kwangu. Wawili kati yao ni wateja wangu mpaka leo.”

Anapata safari tatu kwa wiki, nne akibahatika. Keshokutwa, Jumamosi, ana kazi aliyoingoja kwa hamu: kuishusha majini mashua ya zahanati, inayowapeleka wauguzi ng'ambo kwa wagonjwa.

Hapa kwa fundi amekuja kutia upepo tu. Jana jioni binti yake aliona kitu.

“Mama, tairi la kushoto limevimba shavu kama mtu mwenye jino bovu.”

“Limeshiba upepo hilo,” alimjibu.

“Basi la kulia lina njaa.”

Leo asubuhi Bi Nanga bado anayatetea. “Haya ni mapya,” anamwambia fundi. “Nimeyanunua yakiwa na vinyweleo vyake vya mpira. Tazama meno, hayajaisha hata robo.”

Fundi anachukua brashi na maji ya sabuni, anaanza kulisugua tairi ubavuni. Maji yanachuruzika meusi tii. Weusi unapoisha, nyufa zinajitokeza, moja juu ya nyingine, kama kisigino kilichosahaulika.

“Umepaka nini hapa?”

“Oili chafu ya injini. Kila Ijumaa. Marehemu alinifundisha, na yeye alifundishwa na waliomtangulia. Tairi linang'aa, mteja akiona anajua uko makini.”

“Oili inaula mpira, dada. Na kile kisicholiwa kinafichwa.” Fundi anajifuta mikono. “Kitendawili.”

“Tega.”

“Babu yangu viatu vyake haviishi soli, lakini kutembea hawezi.”

Bi Nanga anawaza, anamtazama binti yake, binti anapandisha mabega. “Tumeshindwa. Chukua mji wowote utakao, utuambie.”

“Tairi la trela. La gari linazeeka kwa kutembea, la trela linazeeka kwa kusimama. Wewe unaangalia soli, na uzee uko ubavuni.”

Anamwonyesha tarakimu nne ndogo zilizochongwa ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza ni wiki liliyotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Bi Nanga anainama, anasoma kwa kidole, anasoma tena.

“Mwaka huo,” anasema taratibu, “huyu alikuwa darasa la tano.”

Huyu ni binti aliyesimama kando yake, mwenye miaka ishirini na mitano.

Miaka kumi na minne, kwa hiyo. Bi Nanga aliyanunua miaka sita iliyopita, maana yake yalikaa miaka minane dukani yakimngoja, na vinyweleo vyake.

Hapo ndipo anapoketi juu ya kreti, bila kukaribishwa. Si kwa sababu ya duka. Wavutaji wa mashua wa hapa wana desturi yao: mashua ikiwa barabarani, mtu mmoja hukaa ndani yake kuangalia mikanda isilegee. Wanamwita mtu wa juu. Mtu wa juu wa Bi Nanga, kwa miaka hiyo yote sita, ni binti yake.

“Kwenye ule mteremko wa darajani,” anasema kwa sauti ya chini. “Mwanangu nimemkalisha juu ya haya.”

“Mama, si nipo hapa?”

“Nyamaza kidogo, mwanangu.”

Akishapata pumzi, anaomba achaguliwe matairi. Fundi anamuuliza mashua nzito kuliko zote anazovuta ina kilo ngapi.

“Elfu moja na mia mbili, pamoja na injini.”

“Na trela yenyewe?”

Uzito wa trela Bi Nanga hajawahi kuujumlisha. Ina kilo mia tatu na hamsini, kwa hiyo kila tairi linabeba kilo mia saba sabini na tano. Yale ya zamani yalikuwa ya gari la kutembelea. Ubavuni yaliandikiwa mia tano sitini.

Fundi anamtolea mawili ya trela, mbavu ngumu, ya kilo mia tisa kila moja, yaliyotengenezwa mwaka huu. Ringi anamshauri achukue zilizochovywa zinki, za matundu matano kama zake, kwa sababu trela yake hushinda majini na zinki huzuia kutu. Bei ya vyote ni sawa na safari kumi na moja. Anakubali bila kubishana, jambo ambalo fundi anasema hajawahi kuliona. Tatizo ni kwamba ringi hizo zitafika Jumanne.

Mvutaji mwenzake, anayeitwa Kofia, amesikia akiwa mlangoni. Anajitolea kumwazima magurudumu yake ya akiba.

“Haya hata vumbi hayajaona,” anasema. “Bi Nanga, utakosa kazi ya zahanati kwa deko tu?”

Bi Nanga anachukua brashi mwenyewe, anasugua, anatafuta tarakimu. Anamwita Kofia aje asome. Kofia anasoma, anavua kofia, anairudisha kichwani, kisha anaondoka na ile brashi kuelekea kwenye trela yake bila kuaga. Kufikia saa sita trela tano zimesuguliwa uwanjani pale. Tairi changa kuliko yote lina miaka tisa. Hakuna anayetania.

Bi Nanga anampigia simu muuguzi mkuu. “Mashua yenu nitaishusha Jumatano. Mkitaka mtu mwingine Jumamosi, sitanuna.”

Anasikiliza, anashukuru, anakata. “Kasema atakayeumia barabarani ataishia kufungwa bandeji na wao wao,” anaeleza. “Watangoja.”

Tangu leo, anasema, ndani ya mashua hatakaa mtu. Watasimama kila baada ya kilomita tano na kukaza mikanda wakiwa wameegesha. Amewaomba na wenzake wafanye hivyo, na Kofia amekuwa wa kwanza kukubali.

Binti yake sasa atakaa wapi?

Bi Nanga anamtazama binti. “Leseni anayo, mwaka wa pili huu. Kila siku ananiomba usukani, nami namnyima. Namwambia barabara ni ya hatari, panda kule nyuma kwenye mashua, ndiko kwenye usalama.” Anatikisa kichwa kama aliyeambiwa habari hiyo sasa hivi. “Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Jumatano ataendesha yeye. Mimi nitakaa pembeni yake.”