Jumapili Kumi na Moja za Bi Hamira

Mtaa mzima ulimwita Bi Hamira, na jina halikumkera. Alikuwa mwoka mikate, mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye mikono iliyoonekana kuwa na unga hata siku ambazo hakugusa unga. Jina alibandikwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, siku alipokuja kumpitia waende shughulini. Bi Hamira alimwambia hatoki mpaka donge liumuke. Shemeji akakaa saa nzima kwenye stuli, macho kwenye beseni lililofunikwa kitambaa, suti imekwisha kuwa nyeupe magotini.

"Wewe na hamira," akasema walipotoka hatimaye, "sijui nani kamuumba mwenzake."

Shemeji huyo alikuwa kinyozi. Jumapili alasiri alifunga mlango wa mbele wa duka lake, akafagia nywele, na watu wanne wakaizunguka meza ndogo ya nyuma kucheza poka. Alikuwepo yeye mwenyewe, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Alikuwepo dada yake, karani wa posta, aliyekuwa wifi na shoga wa Bi Hamira. Alikuwepo jirani yao Mwalimu, mstaafu wa kufundisha hesabu, ndiye aliyewaletea mchezo ule. Wa nne alikuwa Bi Hamira.

Pesa hawakugusa. Walichezea vifungo vya nguo. Kila mwezi ulipoanza kila mmoja alihesabiwa vifungo hamsini, na mwezi ulipokwisha mwenye vingi kuliko wote alipata haki ya kukalia kiti kikubwa cha kinyozi, kile chekundu kinachozunguka, mwezi mzima uliofuata. Mwenye vichache alivalishwa aproni ya waridi yenye marinda, akawachemshia wenzake chai na kuwaita "waheshimiwa".

Sheria hazikuwa na mambo mengi. Unatia kifungo kimoja, unagawiwa karata tano, unaweka dau ukitaka. Zisizokufaa unazibadilisha mara moja tu, kisha dau tena. Ukiona huna kitu, unazitupa na kusubiri mchezo mwingine. Mkibaki wawili au zaidi mnafunua, mwenye karata kali anabeba: namba zilizofanana, au, kali zaidi, zote tano za aina moja. Lakini wenzako wote wakitupa, unabeba hata kama umeshika takataka, na hulazimiki kumwonyesha mtu.

Basi ukame ukaingia.

Jumapili ya kwanza Bi Hamira aligawiwa mbili, tano, saba, tisa, na mzee mmoja wa kopa, yule mfalme wa karata, aliyeonekana kajikwaa akaangukia hapo. Akazitupa. Mchezo wa pili, vilevile. Wa tatu, akapata pacha wa tatu, yaani karata mbili zenye namba tatu, akabadilisha, zikaja taka nyingine. Mpaka jua linashuka hakuwa ameshinda hata mara moja. Akacheka, akasema kesho nayo siku.

Jumapili ya pili ikafanana na ya kwanza kama shilingi na mwenzake. Ya tatu ndiyo usiseme. Ya nne, mwezi ulipokwisha, wifi alimfunga aproni kwa nyuma huku anajing'ata mdomo asicheke.

"Waheshimiwa," Bi Hamira akasema, birika mkononi, "chai."

"Sukari, mheshimiwa sana, mbili na nusu," shemeji akajibu kutoka kwenye kiti chekundu, akazunguka mara mbili kwa raha zake.

Ushauri ukaanza kumiminika, maana mwenye shida hakosi walimu. Wifi alimwambia abadilishe upande wa meza. Shemeji alimwambia avae gauni nje ndani. Wateja wa mikate nao, waliopata habari sijui kwa nani, walimwambia afute karata kwa leso. Mwalimu peke yake ndiye aliyesema neno la maana, tena bila kuinua macho: "Karata hazina kumbukumbu, Bi Hamira. Hazijui kwamba zimekukosea."

Lakini moyo wa mtu si jiwe. Jumapili ya tano uvumilivu ulimwishia. Alishika pacha wa nne, karata za kuaibisha, na shemeji akaweka dau kubwa huku anamtazama kwa huruma ya kuudhi. Bi Hamira akasukuma vifungo thelathini katikati ya meza.

"Leo ni leo!" akasema.

Shemeji akafunua malkia watatu. Leo ikawa leo kweli, ila ya shemeji.

Alirudi nyumbani amevimba. Kesho yake alfajiri, bado ana hasira, akatoa mikate tanurini kabla ya wakati wake. Nje ilikuwa dhahabu, ndani uji. Mteja wa kwanza, mama wa duka la vitabu, alirudi na nusu ya mkate mkononi, akaibinya mbele yake, ikabaki na alama za vidole kama udongo wa mfinyanzi.

"Bi Hamira, huu tunakula au tunafinyanga chungu?"

Bi Hamira alitazama ile alama. Akatazama tanuri. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, kikampanda, kikamshinda nguvu mpaka akashikilia kaunta. Miaka ishirini na saba amekuwa akiwaambia watu kwamba mkate haukubali kukemewa, na hapa yeye mwenyewe, kwa sababu ya vifungo vya mashati, amekemea karata na mikate pamoja! Alimpa yule mama mikate miwili kesho yake bila malipo, na siku ileile akajiwekea masharti. Kwamba karata mbovu atazitupa bila kinyongo. Kwamba hatalipiza kisasi cha dau lililopotea. Na kwamba akikaa bila karata, macho yake yatafanya kazi badala ya mdomo.

Hilo la mwisho ndilo lililomfurahisha kupita alivyotarajia. Kutupa karata kukawa kama kukata tiketi ya kutazama vichekesho. Aligundua kwamba shemeji, mwenye domo kubwa, akipata karata nzuri hunyamaza na kuvumisha wimbo puani. Akiwa hana kitu ndipo husema kama redio. Wifi akiwa na nzuri huzipanga na kuzipangua kama barua za posta. Akiwa na mbovu huzilaza chini akachungulia dirishani. Mwalimu huvua miwani akisitasita. Bi Hamira alijikuta anajifinya paja chini ya meza asicheke.

"Mbona unatabasamu na umeshapoteza tena?" wifi akamuuliza Jumapili ya nane.

"Nimeikumbuka mikate."

Ukame haukujali tabasamu. Mwezi wa pili ukaisha akiwa wa mwisho, akavaa tena aproni. Mwezi wa tatu ukaanza naye anatupa, anatupa, anatupa. Kifungo kimoja kimoja cha kuingilia kilimtoka, lakini hakikutoka cha zaidi.

Jumapili ya kumi na moja, alifunua karata zake akaona malkia watatu. Akazifunika upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu ndani. Dau la kwanza hakuna aliyeweka. Akatupa mbili, akaletewa mbili. Moja ilikuwa sita. Ya pili ilikuwa malkia wa nne.

Masikio yalimwaka. Malkia wanne! Polepole, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, akasema, "Naweka vinne," akavisogeza vifungo vinne.

Shemeji akamtazama, akaviangalia vifungo, akamtazama tena.

"Bi Hamira ameweka dau?" akasema. "Huyuhuyu? Mimi simo!" Akatupa karata.

"Mie nina watoto wa kulea," wifi akasema, akatupa zake.

Mwalimu alivua miwani, akaivaa, akatupa za kwake.

Bi Hamira akabaki peke yake na malkia wake wanne na vifungo vya kiingilio: chake na vitatu vya wenzake. Jumapili kumi na moja za subira, mavuno vifungo vitatu! Alizilaza karata mezani waone. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, mpaka akateleza kwenye kiti akakaa chini kabisa, kwenye nywele ambazo shemeji alisahau kuzifagia.

"Mmeona?" shemeji akapiga kelele. "Nilisema! Huyu haweki dau mpaka awe ameshika bunduki!"

Bi Hamira alikuwa bado chini, anajifuta machozi, neno hilo lilipomwingia. Kumbe wanamwamini. Kumbe wakati yeye anadhani anapoteza tu, alikuwa akijenga jina, mchezo hadi mchezo, na jina lile sasa lilikuwa na thamani kuliko malkia wanne. Akaamua palepale: atalitumia mara moja tu, tena siku yenyewe ikifika. Alasiri ile na Jumapili iliyofuata, alipoweka dau akiwa na karata za kweli, wenzake walikimbia kama kuku walioona mwewe, naye akawaonyesha karata, akaokota vifungo vyao vya kiingilio hadi akafikisha arobaini na kitu. Akiwa hana kitu alitupa kama kawaida.

Ukaja mchezo wa mwisho wa mwezi. Bi Hamira aligawiwa karata nne za aina moja, shupaza. Ikija ya tano, hakuna wa kumshinda kirahisi. Wote wakatia vifungo kumi. Akabadilisha moja, akaomba kimoyomoyo, akachungulia.

Mbili ya kopa.

Ovyo kabisa. Hata pacha hana. Mkono wake ulikuwa njiani kuzitupa, akakumbuka sharti lake la macho. Akainua uso. Shemeji alikuwa akiweka vifungo vitano huku anahadithia habari za mteja mwenye upara aliyeomba punguzo, anasema bila koma wala nukta. Wifi amezilaza zake, anachungulia dirishani. Mwalimu amekwisha vua miwani.

Hivi hii si ndiyo siku? Akavisukuma vifungo vyake vyote katikati, taratibu, kwa viganja viwili, kama anayeingiza trei tanurini.

Shemeji akakatika katikati ya upara.

"Mama yangu," wifi akanong'ona, akatupa.

Mwalimu aliivaa tena miwani. "Jumapili kumi na mbili," akasema kwa sauti ya darasani. "Kila alipojaza dau kwa utulivu, alikuwa nazo. Hesabu haina huruma." Akatupa.

"Nami siendi kaburini kwa miguu yangu," shemeji akasema, akatupa pacha wa kumi.

Bi Hamira alivuta rundo lote kifuani.

"Tuonyeshe basi, shemeji. Tufe na amani."

Hakulazimika. Lakini furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Akafunua: shupaza nne zisizo na ndugu, na mbili ya kopa.

Kelele iliyotoka mle dukani ilimfanya muuza magazeti wa jirani agonge ukuta. Shemeji alijipiga paji la uso. Wifi alipiga vigelegele vya kumsaliti kaka yake. Mwalimu aliinuka, akafunua za kwake, pacha mara mbili, akapiga makofi peke yake kama yuko kwenye mahafali.

"Umetutishia nyau!" shemeji akalia. "Wewe! Mtu wa mikate!"

Walipohesabu, Bi Hamira alikuwa wa kwanza na Mwalimu wa mwisho. Alipanda kiti chekundu, shemeji akakizungusha kwa nguvu zake zote, na vioo vitatu, taulo, makofi na Mwalimu anayefungwa aproni vikampita mbele ya macho mara kumi.

Wakatoka nje yeye na wifi wameshikana mikono, jua bado lipo, mmoja ana kizunguzungu, mwingine ana kwikwi.

"Niambie kweli, wifi," karani akasema. "Miezi mitatu ile, hukuumia?"

"Niliumia. Basi nikawa naumia huku nawatazama ninyi."

"Na sasa hatutakuamini tena."

"Eeh," Bi Hamira akasema, akayumba, akamshika bega. "Sasa itabidi nipate karata."

Wakacheka mpaka wakasimama katikati ya njia, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo barazani akawauliza wametoka harusi ya nani.