Vidole vya Baba Limi

Pale Segese watu walimsifu Magesa Mayala kwa mambo mawili. La kwanza, alitoka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, akiwa mzima. La pili, hakuna mwanamume wa mtaa ule aliyemweza kwa kula ugali wa moto. Sinia likitua, wenzake bado wanapuliza na kulamba ncha za vidole, yeye keshamega tonge, keshalifinyanga, keshalichovya kwenye mlenda. "Huyu bwana ana vidole vya chuma," alikuwa akisema jirani yake Pantaleo, na Magesa anacheka.

Chuma gani! Vidole vile vilikuwa vimekufa ganzi. Miaka yote aliyokaa huko chini, kazi yake ilikuwa kushika mashine ya kutobolea mwamba, na mashine ile humtikisa mtu mpaka meno. Ganzi ilianzia kwenye ncha. Asubuhi za baridi vidole vikawa vinageuka vyeupe, kisha ganzi ikapanda pole pole hadi kwenye viganja. Sasa akishika kikombe cha chai hajui kama kinaunguza mpaka aone malengelenge. Hilo hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Nani atampa geti lake fundi asiyejua mkono wake umeshika nini?

Maana Magesa sasa alikuwa fundi, au tuseme alikuwa mlangoni mwa ufundi. Alijifunza kuchomelea kwa fundi Mwigulu pale senta, akapata mashine yake ya kuchomelea, akaezeka banda la mabati nyuma ya nyumba, akafunga meza ya chuma yenye jiliwa la kubania vyuma. Kilichobaki ni kifaa cha kukatia. Skwea paipu zake, mabomba ya pembe nne ya kutengenezea mageti, alikuwa akizibeba begani hadi kwa Mwigulu zikakatwe, na Mwigulu, ambaye hakupenda kuona mwanafunzi wake anajitegemea, akaanza kumweka nyuma ya kila mteja, hata nyuma ya mtu aliyekuja na jembe bovu. Fundi wa namna hiyo hana kazi, ana safari tu.

Mkewe Paskazia ndiye aliyekata shauri. Alikuwa na mtamba wake, urithi kutoka kwa baba yake huko Ushetu, akamuuza ili wapate kununua kifaa.

"Baba Limi," alimwambia, "sina kingine cha kuuza. Karakana hii ikishindikana, usije ukaniambia unarudi duarani. Huko hurudi."

Mwanamke yule hakuwa mkali. Ila aliwahi kukaa juu ya duara lililoporomoka siku nzima akingoja watu wafukuliwe, akaona wengine wakitolewa wamefunikwa kanga, na hakutaka kukaa pale tena. Magesa akaitikia, lakini moyoni aliogopa, kwa sababu kukata chuma ni kazi ya mikono, na mikono yake aliijua mwenyewe.

Asubuhi moja wakaenda Kahama, wote wawili, hadi kwenye duka la vifaa la Nuruddin. Huyu Nuruddin ni kijana wa mjini, mpole, mwenye maneno mengi na subira zaidi ya maneno.

"Shikamoo mama, shikamoo kaka. Karibuni ndani. Unakata nini zaidi, kaka?"

"Marahaba. Skwea paipu, nondo, na vyuma bapa vya grili za madirisha."

Nuruddin akaanza kupanga vifaa juu ya meza. Msumeno wa mkono: huu hauli umeme, ila unakula bega. Mkasi wa bati: mzuri, lakini mbele ya nondo ni pambo. Grenda ndogo, grenda kubwa, za kushikwa mkononi huku diski ikizunguka. Na pale chini sakafuni, mashine ya kukatia yenye diski pana. Chuma unakilaza, unakibana, unashusha mkono wa mashine kinakatika.

Magesa hata hakuitazama hiyo ya chini. Macho yake yalikuwa kwenye grenda kubwa tu. Asikwambie mtu, kwa mafundi wa Segese grenda ndiyo cheo. Usipokuwa nayo watakuita mpaka rangi. Na wana mtindo wao: wakishainunua, cha kwanza wanang'oa kinga ya diski, eti inaziba macho, cha pili wanaifunga swichi kwa mpira wa tyubu ili ikae imewaka moja kwa moja. Wenyewe wanaita uzoefu.

"Grenda zipo aina mbili," Nuruddin alisema. "Hii ukisukuma swichi inajifunga, inaendelea kuzunguka hata ukiiachia. Hii nyingine lazima uibane wakati wote, ukiachia inazima. Mimi nakushauri ya kubana. Ikikuponyoka, inakufa yenyewe. Ile ya kujifunga ikikuponyoka itakutafuta miguu."

"Nipe ya kujifunga," Magesa alisema haraka.

"Kwa nini, kaka?"

"Ya kubana inachosha."

Paskazia alikuwa pembeni anatazama ndoo. Bila kugeuka akasema, "Ijaribu kwanza hiyo ya kubana, Baba Limi."

Angekataaje? Nuruddin akaitoa diski kwa usalama, akachomeka waya, akampa. Magesa akaikamata kwa mikono miwili, akabana. Grenda ikanguruma, na ule mtikisiko wa duarani ukapanda mpaka mabegani. Baada ya kitambo Nuruddin akampa ishara ya kuachia. Magesa akaachia. Grenda ikaendelea.

"Achia, kaka!"

"Nimeachia!"

"Achia swichi!"

"Nimeachia, nakwambia! Imeng'ang'ania! Mbovu hii!" Magesa alifoka mpaka wateja wakageuka. "Ndivyo mnavyotufanya sisi watu wa porini, mnatuuzia takataka!"

Nuruddin alikuwa anatazama mkono.

"Kaka," alisema, "bado umeibana."

Magesa akainamisha macho. Vidole vyake vinne vilikuwa vimejikunja juu ya swichi, vimebana kweli kweli, vyeupe. Angeapa kwa Mungu kwamba ameshavifungua. Akaviamuru vifunguke, akasubiri, wala hakujua kama vimesikia.

Paskazia akaja. Akashika kidole cha mwisho akakibandua, akaja cha pili, na cha tatu, na cha nne. Grenda ikazima. Magesa akatamani ardhi immeze. Aliona aibu kubwa, na ndani ya aibu kulikuwa na woga: karakana imekwisha kabla haijaanza, na mtamba wa watu kaenda bure.

"Tangu lini, kaka?" Nuruddin aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu alipotoka duarani," Paskazia alijibu.

Magesa akamgeukia. "Ulikuwa unajua?"

"We Baba Limi, ule ugali nani anausonga? Si mimi? Najua unavyotoka jikoni. Hakuna binadamu wa kuushika ule bila kupiga kelele."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nimengoja mpaka nimechoka."

Nuruddin akaziondoa grenda mezani, zote mbili. Akasema mtu wa mikono ile hapaswi kushika kitu cha kumtikisa tena. Akaionyesha mashine ya chini. "Hii inakaa kwenye miguu yake, chuma kinabanwa, haikuruki. Tatizo ni moja. Swichi yake nayo ni ya kubana."

"Nani kasema ataibana yeye?" Paskazia aliuliza. "Nionyeshe."

Wakaitoa nje barazani. Nuruddin akamvalisha Paskazia miwani ya kinga, akabana kipande cha nondo. Cheche za kwanza zilipotoka Paskazia aliruka, "Yesu na Maria!", na wapita njia wakacheka. Mara ya pili hakuruka. Alibana, akashusha, akaachia, na kipande kikadondoka kimekatika sawasawa.

Magesa alikuwa amekunja uso. "Watu watasema nini? Fundi anakatiwa vyuma na mkewe!"

"Watasema geti limenyooka," Paskazia alisema, akivua miwani. "Wewe pima, weka alama, bana kwenye mashine. Mimi nakata. Kuchomelea kunataka macho, na macho unayo."

Magesa akatoa pesa za mtamba. Wakachukua mashine ile na msumeno mmoja wa mkono kwa vyuma vyembamba, maana bega lake bado lilikuwa zima.

Geti la kwanza lilikuwa la mama mmoja mwenye duka pale senta. Lilipokamilika, Pantaleo alikuja kulitazama, akalizunguka, akalisukuma huku na huku, akakosa pa kuchekea. Kwa kuwa ilikuwa mchana, akaambiwa akae ale. Sinia likatua, ugali unafuka moshi, na Paskazia akawa anawanawisha.

"Haya sasa, Ng'wana Mayala!" Pantaleo alimwambia Magesa kwa jina la baba yake, amekwisha kujiegemeza atazame. "Vidole vya chuma, fungua njia!"

Magesa akanyoosha mkono, kama alivyozoea. Mkono ukafika juu ya mvuke, ukasimama. Akaurudisha, akauweka kwenye goti.

"Mama Limi," aliuliza, na hakupunguza sauti, "umepoa?"

Pantaleo akaanza kucheka, kisha akaona anacheka peke yake. Paskazia akaweka birika chini, akagusa ugali kwa ncha ya kidole.

"Bado," alisema.

"Basi nitangoja."