Kipa wa Kwenye Korido

Kabla uwanja haujaniita, nilikuwa mchoraji wa vichwa vya saluni na ng'ombe wa mabucha pale Majengo. Ng'ombe wangu walisifiwa mpaka Majimoto, ambako watu wanajua ng'ombe, kwa hiyo sikuwa na njaa ya sifa. Nilichokuwa sijapata ni mtu wa kusimama mbele ya kazi yangu akaiangalia kwa ajili yake yenyewe. Ukichora ng'ombe wa bucha, mtu anauliza tu kama maini yamebaki.

Basi timu yetu ilipopanda daraja, uongozi ukataka korido ya kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo ipendeze. Nikapewa mbao tano za plaiwudi, za kufungwa ukutani kwa skrubu. Wiki mbili nilikaa kwenye nyasi mazoezini nikiangalia miguu ya watu, mpaka kocha akaanza kunitilia shaka. Nikachora winga, nahodha, mabeki wakigombea mpira wa kichwa na mashabiki wakirukaruka. Ubao wa tano nikamchora kipa wetu akisubiri penalti, mkubwa kama alivyo mwenyewe, macho mbele. Huyo ndiye niliyempenda. Niliweka kila nilichokiona, halafu nikasubiri mtu wa kukiona.

Nilisubiri sana. Wachezaji wetu walipiga naye selfi wakiwa wamempa mgongo.

Siku ya mechi ya kwanza nyumbani, wageni walishuka kwenye basi lao, wakaingia koridoni, wakasimama ghafla. Mpira wetu una mambo yake. Timu ngeni huwa haiamini mlango uliofunguliwa na wenyeji, maana nani ajuaye kimefukiwa nini hapo.

"Huyu anatuangalia," akasema mmoja wao. Akasogea kushoto. "Bado anatuangalia!"

Meneja wao akaamua kwamba hakuna kupita. Wakarudi nje, wakazunguka nyuma ya jukwaa, wakaruka ukuta mmoja mmoja, mabegi yakitangulia. Kocha wao, mtu wa kitambi, alisukumwa na watu watatu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikakasirika. Mimi nimechora mtu, wao wanaona tunguri!

Katibu wetu akaja mbio, uso unang'aa.

"Dada, hiyo picha isiguswe. Tena ikiwezekana, muongezee macho."

"Siyo dawa, kaka. Ni picha."

"Najua, najua," akanikonyeza. "Hatumwambii mtu."

Tulishinda moja bila. Dakika za mwisho kipa wetu alipangua penalti, akiruka kulia kwake, na jukwaa zima likaanza kumshangilia mganga wa Majengo, yaani mimi. Nikaondoka zangu kwa hasira, nikashika njia ya koridoni.

Kipa wa wageni alikuwa amesimama mbele ya ubao wa tano, viatu mkononi. Aliiangalia picha kuanzia kichwani, akashuka nayo taratibu, akachuchumaa miguuni.

"Wewe ndiye mchoraji?"

"Ndiyo."

"Huyu mtu wenu goti la kushoto linamuuma. Uzito wote kaubeba kulia."

Ilikuwa kweli. Kipa wetu alikuwa analificha goti hilo asije akawekwa benchi, na mimi niliona mazoezini jinsi alivyokwepa kuliegemea. Hakuna mwingine aliyegundua. Machozi yalinilenga, nikataka kumkumbatia mgeni wa watu.

"Kwa goti hilo hawezi kuruka kushoto," akaendelea. "Nyie mna bahati. Tungepita hapa mchana, ile penalti tungepiga huko huko."

Akacheka kwa uchungu, akanipa mkono, akaenda kwenye basi lao.

Nilibaki hapo nimejaa furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa ng'ombe yeyote. Kisha nikakumbuka kwamba Jumapili tuna mechi nyingine hapo hapo nyumbani, na si kila timu inaogopa picha. Nikaenda kutafuta bisibisi.