Saa Tatu na Nusu Angani

Harufu ya gundi ya vitabu vikuukuu hunirudisha nyumbani kwetu Mayfair, Afrika Kusini, kwenye chumba cha mbele alimoshonea mama. Nilikuwa na miaka tisa. Baba, Msauzi aliyemwoa mama alipokuwa uhamishoni Tanzania, aliniletea atlasi kutoka kwa muuza vitabu wa Braamfontein. Niliifungua sakafuni, cherehani ikinguruma juu ya kichwa changu, nikaelea juu ya milima na bahari mpaka niitwe kula.

Miji miwili niliizungushia penseli: Vienna, alikoishi mama mkubwa Rehema, na Lisbon, alikoishi mama mdogo Saumu. Dada hao wa mama walikuwa hawasemezani. Bibi alipofariki Tanga, mimi nikiwa na miaka mitano, Saumu hakuja kuzika, na Rehema akatamka mbele ya waliofika matangani, "Asiyemzika mama yake si ndugu yangu." Tangu hapo kila mmoja alitupigia simu Jumapili kwa wakati wake, na kabla ya kuaga aliuliza, kama anayeulizia mvua, "Na yule mwenzio, mzima?" Mama alijibu, "Mzima." Simu ikikatika, alirudi kwenye cherehani akaiendesha bila kitambaa, machozi yakimtiririka.

Jumapili moja nilinyoosha uzi kati ya miji ile, nikaulinganisha na kipimo cha pembeni. Kama kilomita elfu mbili na mia tatu. Baba akasema ndege huzimaliza kwa saa tatu na nusu. Eish! Basi la kutupeleka Durban kwa shangazi lilichukua zaidi ya hapo. Niliamini kabisa kwamba watu wazima hawakulijua jambo hili.

Simu ilipolia mama alikuwa bafuni. Kiswahili nilikielewa kuliko nilivyokisema, lakini nilijikaza.

"Shikamoo, mama mkubwa. Kwenda kwa mama mdogo ni saa tatu na nusu tu. Durban ni mbali zaidi."

Akacheka. "Marahaba. Nani kakwambia?"

"Atlasi."

"Haya, ipe atlasi shukrani zangu."

Nikaona halijamwingia. Nikaongeza, "Mama hulia mkishakata simu. Wewe ukikata, na mama mdogo akikata. Anashona bila kitambaa."

Kwa mbali nilisikia kengele ya tramu ikipita mtaani kwake. "Msalimie mama yako," akasema, akakata.

Wiki tatu baadaye ilikuja simu moja badala ya mbili, kutoka Lisbon. Sauti mbili zilikuwa zikinyang'anyana kuzungumza. Mama aliketi sakafuni, juu ya kurasa zangu zilizofunuliwa, akicheka na kulia. Nami nilitembea shuleni wiki nzima kama rubani.

Mwaka jana nilimtembelea mama mkubwa Vienna, nikamkumbusha hesabu zangu. Akatabasamu.

"Mwanangu, njia ile niliijua. Nilikuwa nimeshakwenda mara mbili kabla hujaniambia. Nilipanda ngazi hadi mlangoni pake, nikamsikia ndani akiosha vyombo. Nikageuka."

"Na mara ya tatu?"

"Mara ya tatu nilimfikiria mama yako."

Nilimwona amesimama pale mlangoni, mkono umeinuliwa, asibishe hodi. Kilichokuwa kimebaki ni hatua moja tu, na ilimchukua miaka minne.