Kanisa Linamsifia Mume Wangu kwa Unyenyekevu, Mie Najua Anachoficha

Admin, jina langu lifiche kabisa, waumini wenzangu wengi wamo humu. Nina miaka 41, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ukonga na mume wangu na watoto watatu. Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na alikuwaga mtu wa kujisikia sana. Usipomwita "mwenyekiti", haitikii salamu.

Mwaka jana akabadilika ghafla. Akaachia uenyekiti, akaanza kudeki kanisa mwenyewe, mpaka vyoo anasafisha. Watu wakasema Mungu kamgusa. Mie moyo haukutulia, maana kila Jumamosi ananiaga, "Mke wangu, naenda kuomba Kunduchi," halafu anarudi ananukia sabuni ya unga. Mtu anaomba na sabuni? Nikajua kuna mwanamke.

Jumamosi moja nikamfuata kwa bodaboda. Nikamkuta kwenye ua wa watu, kachuchumaa anafua mashuka. Mwanamke alikuwepo kweli, ila ni mama mtu mzima, mke wa mzee aliyekuwa mwenyekiti kabla ya mume wangu. Mzee huyo alitengwa na kanisa kwa ulevi, wakahama kwa aibu, baadaye akapigwa na kiharusi. Sasa ni mtu wa kitandani na hawezi kuongea.

Yule mama akanishika mikono. "Mwalimu, Mungu katuletea malaika. Anamwogesha, anamlisha, anamfulia."

Nikaona haya kwa niliyoyawaza. Nikaingia kumsalimia mzee, "Shikamoo baba." Akanitazama vizuri tu. Mume wangu alipoingia nyuma yangu, mzee akageuzia uso ukutani.

Tulipofika nyumbani nikambana. "Yule mzee ulimfanya nini?" Akaanza kulia. "Hakuwa mlevi. Mie ndiye niliyewaambia wazee nimemwona baa, Manzese. Nilikitaka kile cheo."

Nikamwambia aende akakiri, amsafishe mzee wa watu jina. Akafuta machozi. "Nimeshajishusha mbele za Mungu na ninamtegemea Yeye. Watu wanahusikaje?" Kumbe hata yule mama hajui ni nani aliyemsingizia mumewe. Aliyekuwa anajua ni mumewe peke yake, na hawezi kusema.

Sasa mchungaji anataka kumrudishia uenyekiti, eti awe mfano kwa vijana. Mume wangu anainamisha kichwa, "Si mimi, ni neema tu." Siku hizi akipiga magoti kuomba, mie nafumbua jicho moja namwangalia. Anamwogesha yule mzee kwa toba, au anamchunga asije akapona akaongea? Halafu najiogopa mwenyewe, maana machozi yale niliyaona, na mie si Mungu wa kupima moyo wa mtu.

Jumapili hii nimepangiwa kusimama mbele ya kanisa nishuhudie jinsi Mungu alivyomnyenyekeza mume wangu. Yule mama amenipigia simu kwa furaha, anasema atakuja kunisikiliza. Nikisema kweli, nimemwaibisha baba wa watoto wangu. Nikisema wanachotaka kusikia, nimemtenga yule mzee mara ya pili.

Ndugu zangu, ingekuwa ni nyie mmepewa kile kipaza sauti, mngesema nini?