Mpelelezi Mwenye Koti na Mume wa Mama Mdogo

Jumapili moja, mtu tuliyemwona akizikwa Jumapili iliyotangulia aliingia ofisini, akavua miwani na kuomba kahawa. Nilimgeukia mama mdogo nikamuuliza, kwani huyu si alishakufa? Akanijibu bila kubandua macho kwenye televisheni kwamba huyo ni pacha wake. Nikauliza mbona amekalia kiti kilekile, na mbwa anamjua. Akaniambia ninyamaze, maswali yangu yanamfanya apitwe na Kifaransa.

Mimi sipendi kudanganywa, na kutoelewa ndiyo sipendi kabisa, na mwaka ule wa kwanza Gisenyi, Rwanda, sikuelewa karibu kitu chochote. Nilizaliwa na kukulia Tanzania. Miaka ile ya tisini watu walisema tumerudi nyumbani, nami nikajiuliza mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kufika. Nilipata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja mjini, nikapewa chumba kwa mdogo wake mama, aliyekuwa amekulia Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Tulikuwa damu moja, lakini tulionana mara ya kwanza mimi nikiwa mtu mzima. Kiswahili changu kilimchekesha, akisema naongea kama mtu anayesoma habari redioni. Chake nilikitafuna mara mbili kabla hakijashuka. Na Kifaransa sikujua hata salamu, ndiyo maana kila filamu ilinifikia kupitia mdomo wake.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mfululizo. Mjomba, kaka yake mama mdogo, alikuwa na antena ya sahani kule Goma, akiirekodi kwenye kaseti. Kaseti zilizunguka kwanza kwa ndugu wa upande ule, na nyumba moja ikimaliza, mama mmoja muuza nyanya aliyevuka mpaka pale Petite Barrière kila siku alituletea. Hakuna aliyeandika namba juu ya kaseti hizo, kwa sababu zikirudi mjomba angerekodi nyingine palepale. Mama mdogo alizirundika kabatini mpaka zote zilipofika, na Jumapili mchana, umeme ukiwepo, alichukua ya juu.

Ilihusu wapelelezi ambao walikuwa hawamkimbizi mtu. Waliingia katika nyumba ya aliyeuawa, wakatazama muuaji alivyoacha viti na vikombe, kisha wakaeleza ni mtu wa namna gani, kama bado anaishi na mama yake, kama ana hasira za haraka au za kuweka. Mkuu wao alivaa koti la kijivu. Katika kaseti ya kwanza tuliyoiona alikuwa mlevi, mkali kwa kila mtu, na mwishoni alivunja sahani mbele ya mkewe, mke akaondoka na sanduku. Nilimchukia. Lakini Jumapili hadi Jumapili akaanza kupoa. Akaacha pombe. Akamwomba radhi msaidizi wake. Mke akawa yupo tena, na sikuona amerudi lini. Wiki hii alichechemea, wiki inayofuata akapanda ngazi mbio. Binti yake mkubwa alitoweka, badala yake kukawa na mtoto mdogo anayenyonya kidole. Mama mdogo akasema huyo ni mdogo wake. Na yule mkubwa? Yuko shule ya bweni. Kichwa kiliniuma kwa kweli, nikaanza kudhani ni ushamba wangu tu, kwamba wenzangu wote wanaelewa.

Mama mdogo alikuwa na sababu ya kumtazama sana mwenye koti. Mumewe alimvunja mkono wa kushoto walipokuwa Goma, ukaunga vibaya, mpaka leo haunyooki sawasawa. Kisha akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Sasa alitaka kurudi. Alituma salamu kwa huyohuyo muuza nyanya, halafu akaja mwenyewe na ndugu zake wawili na dumu la pombe ya ndizi, wakakaa sebuleni na kuomba msamaha kama inavyotakiwa. Mama yangu, habari ilipomfikia, alikataa katakata. Mjomba alisema akimpokea tena, asimwite siku mkono wa pili ukivunjika. Mama mdogo hakusema ndiyo wala hapana.

Mume akawa anakuja kusalimia, naye mama mdogo akaanza kumsoma. Mume akiaga tu, mama mdogo alizunguka sebule kama wale wapelelezi, akanionyesha kwamba kiti kimerudishwa mahali pake, zamani alikuwa anakisukuma na kukiacha. Kikombe kimewekwa katikati ya sahani. Taulo limekunjwa. Nilitaka kumwambia kwamba hata muuaji anaweza kukunja taulo, nikaogopa kuonekana nina roho mbaya.

Ikafika kaseti ya mwisho kabatini. Mwenye koti yuko jikoni asubuhi, anamkaangia mkewe mayai, mtoto amempanda mabegani, wote wanacheka. Mama mdogo alilia waziwazi, bila kujifuta.

"Unaona?" aliniambia. "Mutu anabadilikaka."

Wiki ileile akamtumia mumewe ujumbe kwamba aje.

Tulimpokea kwa chakula cha mchana. Mjomba alivuka kutoka Goma, uso ameukunja, akala kwa heshima ya dada yake tu. Baada ya kula nilimmiminia maji anawe mikono nje, nikaona ndiyo nafasi yangu, nikamuuliza yule pacha wa kwenye filamu alitokea wapi. Hakunielewa. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuna pacha, akasema, mnaangalia kinyumenyume. Akanisimulia yote. Mwenye koti anaanza na mayai na mtoto mabegani, mtu mwema kupita kiasi, kisha wale maiti wanamwingia kidogo kidogo, anaanza kunywa, anaanza kupiga kelele, na hadithi inaisha na sahani na sanduku. Akasema nyumba nzima kule Goma ilisikitika, maana walimpenda.

Sikucheka. Kutoka ndani nilisikia mume wa mama mdogo akitaka aachiwe yeye kuosha vyombo.

Siku zilizofuata nilichanganyikiwa vibaya. Yule bwana aliamka mapema kuchota maji. Alinisalimu vizuri, aliuliza habari za kazi. Na kila wema wake ulinitia hofu, kwa sababu sikujua ni wema wa mwisho wa hadithi au wa mwanzo. Ningejuaje? Mayai ni yaleyale. Ofisini nilikosea barua hadi bosi akauliza kama ninaumwa. Mwishowe nikaona nikinyamaza na kitu kikatokea, sitajisamehe. Nikamfuata mama mdogo jikoni akimenya viazi, nikamweleza yote aliyosema mjomba.

Hakuacha kumenya.

"Mi nilijua," alisema. "Ule mwanamuke wa télévision anasemaka mbele filamu ianze. Ile siku ya kwanza alisema leo ni ya mwisho."

Kisha hasira zikanipanda, nikamuuliza na pacha je, na shule ya bweni, na mimi kuonekana mjinga mbele ya televisheni Jumapili zote hizo? Na kama alijua, kwa nini amemrudisha?

"Ile ya kuanza na mayai na kuisha na sahani, mi niliishi ndani yake," alisema. "Nilikuwa nataka nione kama inaweza enda upande ingine. Hata kwa télévision tu."

Nikamwambia haiendi huko. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akasema anajua vile mjomba anavyosema, lakini mume wake si filamu, na hakuna kaseti ya kumwonyesha mwisho wake.

Hapo mume akaita kutoka uani, kwa sauti ya upole kabisa, akiuliza kama maji yanatosha au aongeze. Kisu kikasimama. Mama mdogo aliisikiliza ile sauti mpaka ikaisha, kisha akaendelea kusikiliza.

"We usihame hapa," aliniambia polepole. "Hata wakikupatia nyumba ya kazi, usihame."

Kisha akamjibu mumewe kwamba yanatosha.